Tepu ya Asumini Jazz Iliyolala Mangapwani

Kilichonitoa Tanga ni simu ya mwanamke nisiyemjua. Nilikuwa nimeandika makala katika gazeti letu dogo la hapa mjini kuhusu albamu za jazi na roki ambazo, kwa maoni yangu, mtu asiyezisikia asijiite mpenzi wa muziki. Niliwaweka Wamarekani wangu wa jazi, nikawaweka Waingereza wangu wenye magitaa ya kukwaruza, na katikati yao, bila kuomba radhi kwa mtu, nikaiweka santuri ya bendi moja ya Unguja iliyoitwa Asumini Jazz. Santuri ile ilitolewa mara moja tu, ikauzwa kidogo, ikasahauliwa. Mimi ninayo. Ina mkwaruzo upande wa pili, na siiuzi. Niliandika kwamba saksafoni na tarumbeta za mle ndani zinaongea kama marafiki wawili waliokaa barazani: mmoja anasimulia, mwingine anamkatiza, na hakuna anayekasirika. Nikamalizia kwa kusikitika kwamba jamaa wale hawakurekodi albamu ya pili.

"Walirekodi," alisema yule mwanamke, baada ya salamu na kuulizana hali. "Baba yangu ndiye mpiga saksafoni wao. Yu hai, na tepu ipo."

Jina lake Bi Rukia, mwalimu wa sekondari, Mji Mkongwe. Alinieleza kwamba albamu ile ya pili haikupata kuwa santuri. Ilibaki kwenye tepu, zile kubwa za magurudumu mawili, na tepu iko kijijini Mangapwani, si kwao. Baba yake, Mzee Seleman, anataka kuisikia mara moja tu kabla hajafumba macho. Hakuna mtu Unguja nzima aliyempata mwenye mtambo wa kuichezea.

Hapo alikuwa amefika penyewe. Mimi nilikuwa fundi mitambo wa redio mpaka nilipostaafu, na mtambo wa aina hiyo ninao chumbani, naupaka mafuta kila mwezi ijapokuwa mke wangu anauita jeneza. Sikuuliza nauli nani atalipa. Nilikwisha kuiona albamu ya pili ya Asumini Jazz imo mkononi mwangu, na jina langu kwenye jalada, kwa maandishi madogo, kuwa ndiye aliyeiokoa.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam hakuna la kusimulia, ila niligombana na kondakta wa basi aliyetaka rekoda yangu ikae kwenye buti pamoja na magunia ya machungwa. Niliipakata njia nzima, na miguu ikafa ganzi tangu Chalinze. Nililala kwa binamu yangu Ilala, na asubuhi nikapanda boti.

Ndani ya boti, bwana aliyekaa kando yangu aliutazama mzigo wangu muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni cherehani. Nikaona uvivu wa kueleza, nikasema ndiyo. Nilijuta. Mpaka tunaingia bandarini Malindi, Unguja, alikuwa bado ananiuliza bei ya kushona sare za shule, na nilikwisha kumwahidi punguzo.

Bi Rukia alinipokea getini, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka, mwenye gari dogo la Vitz. Tuliliacha gari Darajani kwa kuwa vichochoro vya Kiponda havipitishi hata mkokoteni ulioshiba, tukaibeba rekoda huku na huku kama maiti. Kila tuliyempita alitaka kujua ni nini. Bi Rukia aliwajibu wote, "Mgeni wa baba," wakaridhika.

Mzee Seleman alikuwa ghorofani, kwenye kiti cha mkeka karibu na dirisha, kofia ya viua kichwani. Ni mtu mrefu aliyekunjwa na umri, na vidole vyake havitulii. Vinabonyeza goti, kimoja baada ya kingine, na ukitazama vizuri unajua vinabonyeza nini. Hivyo ndivyo nilivyovisikia tangu ujana wangu nikiwa sijui ni vya nani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndo weye uloandika?"

"Naam."

"Umeandika vizuri. Watu wa Tanga mlikuwa na kelele nyingi kwenye bendi zenu, lakini masikio mlikuwa nayo." Akainua kidole kimoja. "Ila pahala pamoja umekosea. Umesema hakuna anayekasirika."

Tulikunywa chai kwa mkate wa kumimina, na hapo ndipo aliponisimulia kisa kilichonileta. Ili msomaji akifuate vizuri, ajue kwanza jambo moja kuhusu Asumini Jazz. Katika bendi ile tarumbeta ndilo lililoanza, siku zote. Mpiga tarumbeta aliitwa Kassim, ndiye aliyeianzisha bendi, na kila wimbo kwenye santuri yangu unafunguliwa na yeye. Saksafoni humfuata. Wapiga jazi wana adabu ya zamu kama watu wa maulidi: mwenye nafasi yake ana nafasi yake, na ukimvamia umemvunjia heshima mbele za watu.

"Mie na Kassim tumekua pamoja," alisema Mzee. "Mtaa mmoja, chuo kimoja, kiatu kimoja. Ile albamu ya pili tulirekodi jioni katika ukumbi wa klabu, Vuga. Ilipofika magharibi mie nikatoka kwenda kusali. Narudi, nasikia kutoka ngazini vijiti vya dramu vinagonga. Nikadhani wameanza bila ya mie. Nikaingia mbio, nikaitia saksafoni mdomoni, nikaanza. Nikaanza mie!"

"Na Kassim?"

"Akanipisha. Akangoja mpaka nikamaliza, ndo akaingia. Lakini hakunitazama. Kafumba macho yake, kapiga vile ambavyo sijapata kumsikia kabla wala baadaye. Tulipomaliza akalifuta tarumbeta lake, akalitia ndani ya sanduku, akasema, 'Haya, Sele.' Basi. Hakuongeza neno."

Aliona haya kumfuata. Kesho yake aliona haya zaidi, na wiki iliyofuata haya ile ikawa ukuta. Si muda mrefu Kassim akapata karatasi zake za kwenda Maskati. Mzee hakwenda kumuaga. Salamu zilikuja kwa wasafiri, mwaka huu na mwaka ule, naye aliitikia mbele ya aliyezileta na hakurudisha za kwake. Kisha ikaja habari ya kifo.

"Nilimnyang'anya nafasi yake, fundi. Usiniambie ni jambo dogo."

Nilimuuliza kwa nini sasa anataka kuisikia tepu.

"Kwa sababu tarumbeta halijui kusema uongo. Ule wakati napiga nilikuwa natetemeka, sikumsikia vizuri alivyonijibu. Nikimsikia sasa nitajua alinikasirikia au hakunikasirikia. Sitaki jengine."

Klabu ilipofungwa, yeye ndiye aliyepewa rekoda na sanduku la tepu, na kwa miaka aliogopa kuibonyeza ile moja. Halafu akaenda Hija. Aliporudi aliacha kupiga, akaiuza saksafoni, na rekoda pamoja na tepu zote akazitoa wakfu kwa chuo cha Qurani cha Mangapwani, alikokuwa anasomesha Maalim mmoja aliyemheshimu sana. Tepu nyingi zilikuwa tupu. Ile ya Asumini Jazz aliitia chini kabisa ya sanduku, katika boksi lake jekundu, wala hakumwambia Maalim kuna nini humo.

"Kuitupa sikuweza," alisema, "na kubaki nayo sikutaka. Na kumwambia Maalim kwamba kwenye sadaka yangu mna muziki wa dansi, ningeuweka wapi uso wangu?"

Tangu hapo hakuiulizia tena. Kitu cha wakfu kimeshakwenda kwa Mungu, mwenye haya hakirudii. Bi Rukia alikwisha kujitolea kwenda kuuliza kwa niaba yake, akamkatalia. Lakini fundi mgeni kutoka Tanga, anayekusanya sauti za zamani, huyo anaweza kuomba kunakili bila kumtia mtu aibu. Kumbe ndiyo kazi niliyoitiwa.

Nilimuuliza, kwa woga, kama haoni shida kusikiliza, maana alishatubu.

"Kupiga nimeacha," alisema. "Hilo la kusikia, n'tajieleza mwenyewe."

Jioni ile niliteremka Forodhani kunyoosha miguu. Nilikula mishikaki kwenye meza za wachoma nyama, na kutoka kibarazani mwa hoteli jirani nikasikia saksafoni. Nikaifuata. Vijana wawili waliovaa mashati meupe, mmoja saksafoni na mwingine kinanda, walikuwa wakiwapigia watalii zile nyimbo za jazi za Kimarekani ambazo kila hoteli duniani inazijua. Hawakuwa wabaya. Walipopumzika nikamsogelea wa saksafoni, nikamuuliza kama anaijua Asumini Jazz.

"Iko wapi?" aliniuliza kwa adabu. "Ni hoteli mpya?"

Sikumlaumu. Angewasikia wapi? Alitembea kila siku hatua chache kutoka kwa mtu aliyepiga saksafoni vizuri kuliko yeye na mimi tutakavyowahi kuota, na hakuna aliyemwambia. Nilirudi Kiponda nimenuna, nikiapa kwamba albamu ile ikitoka, nakala ya kwanza nitampa kijana huyu.

Asubuhi tulitoka sote watatu, Mzee mbele kando ya binti yake, mimi nyuma na jeneza langu. Tulipofika Bububu Mzee alikuwa bado anazungumza, ananionyesha nyumba ya mtu aliyewahi kuwauzia gitaa bovu. Baada ya Chuini akanyamaza. Vidole navyo vilitulia, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi ya kimya chake. Tulikunja kuelekea pwani, tukayapita magari ya watalii yanayokwenda kwenye pango la watumwa, tukasimama mbele ya nyumba ya mawe yenye uwanja uliofagiwa na sauti za watoto zikitoka madirishani.

Maalim alikwisha kufariki. Chuo sasa kinaongozwa na binti yake, Bi Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na macho ya huruma. Aliwaruhusu watoto wakacheze, akatutandikia mkeka. Mzee alikaa akaitazama mikono yake. Ikawa juu yangu.

Nikasema nilivyojiandaa: kwamba hatukuja kuchukua kitu, wakfu ni wakfu, tunaomba tu kunakili tepu moja ya zamani iliyokuwamo kwenye sanduku, na kwamba, naomba radhi, ni ya muziki.

Bi Mwanakheri alimtazama Mzee, si mimi.

"Ndo jambo lenyewe hilo? Mzee wangu, sisi tunakuombea dua kila mwaka, weye na aliyekuzaa. Ungekuja siku yoyote ungechukua unachotaka. Kwa nini hukuja?"

"Nimeona haya, mwanangu," alisema Mzee.

Bi Mwanakheri akacheka, lakini kwa upole. Alikwenda ndani akarudi na sanduku lililofungwa kwa kanga. Rekoda ya zamani ilikwisha kufa siku nyingi, nikaiona kwenye kona ikiwa imebeba mtungi wa maji. Tepu, alisema, hajazigusa mtu tangu enzi za marehemu baba yake. Nilizitoa moja moja. Chini kabisa palikuwa na boksi jekundu lililofifia, na Mzee alipoliona alitoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Niliichunguza. Ukungu kidogo pembeni, harufu kidogo ya siki, kawaida ya tepu kuukuu, lakini ilikuwa nzima. Nilisafisha vichwa vya mtambo kwa spiriti, nikaizungusha tepu kwa mkono kwanza ili isikatike, nikaipandisha. Mzee alisogea mpaka goti lake likagusa rekoda. Bi Rukia alimshika bega. Nikabonyeza.

Kwanza palikuja mvumo wa ukumbi. Mtu akakohoa. Kiti kikaburutwa. Halafu sauti ya mwanamume, nyepesi, yenye kicheko ndani yake, ikasema, "Sele yuko wapi?"

"Kassim," alisema Mzee.

Mwingine mle ndani ya tepu akajibu, "Kenda kusali."

"Basi mngojeni. Leo aanze yeye, mie n'tamfuata. Nyinyi gongeni vijiti tu, akisikia ataingia."

"Tumwambie?"

"Msimwambie. Mwacheni aingie mwenyewe."

Vijiti vikaanza kugonga, taratibu, vikingoja. Viligonga muda. Mlango ukalia. Hatua za mtu anayekimbia. Kisha saksafoni ikavuta pumzi ikatoa noti moja, pana, yenye kutetemeka, noti ambayo sijaisikia kwenye albamu yoyote ninayoimiliki, na kabla haijaisha ikakatwa. Tak! Mtoto wa kike, kwa sauti nyembamba, akaanza kusoma Qurani.

Nilidhani nimekosea. Nikaipeleka tepu mbele; mtoto anasoma. Nikaipeleka mbele zaidi. Mtoto anasoma, na mwalimu anamsahihisha. Niligeuza upande, nikaenda katikati, nikaenda mwisho kabisa mpaka tepu ikachopoka kwenye gurudumu. Kisomo, kisomo, kisomo. Tepu tupu zilipokwisha, Maalim alifika chini ya sanduku, akalikuta boksi jekundu lisiloandikwa kitu, akalitumia kwa kazi aliyopewa alitumie. Angejuaje? Aliacha zile dakika za mwanzo kwa sababu tu tepu ilikuwa imekwisha kuzunguka kidogo alipobonyeza.

Nilitaka kulia, na sioni haya kuliandika hilo. Nilikuwa na hasira pia, na haikuwa na pa kwenda. Albamu nzima ya Asumini Jazz, saksafoni ikianza na tarumbeta likifuata kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ilikuwa imefutwa pale pale, inchi kwa inchi, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha. Historia ya jazi na roki imejaa tepu zilizoungua na zilizoibwa, nimesoma habari zake nyingi, lakini sikuwahi kukaa mbele ya moja nikaisikia inavyokatika.

Nilipoinua macho nilimwona Bi Mwanakheri ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Huyo ni mie," alisema. "Huyo mtoto ni mie."

Kwenye tepu sauti nzito ya mwanamume ikasema bila ukali, "Rudia, Mwanakheri. Usiikimbilie." Mtoto akarudia. Mama mzima yule akaanza kulia kwa kwikwi, na watoto waliokuwa uwanjani wakaja kuchungulia mlangoni.

"Picha yake ninayo," alisema. "Sauti sikuwa nayo. Nilidhani imekwenda naye."

Ningefanya nini? Nilimwahidi kumnakilia tepu yote, kila neno la baba yake, nikaiunga simu yangu kwenye rekoda, nikaianza kazi hiyo pale pale. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na kitu cha kushughulisha mikono, maana sikuweza kumtazama Mzee usoni. Nilijua nimemleta mpaka pale kusikia jibu, na jibu limefutwa.

Nakala ilipokwisha, Mzee akasema, "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Sele yuko wapi. Kenda kusali. Leo aanze yeye. Akasema nirudishe tena. Mara ya tatu aliinua mkono nikazima kabla mtoto hajaanza kusoma.

"Kumbe ndiye aliyesema nianze mie," alisema. Hakuwa akizungumza na sisi. "Miaka yote hiyo mie najua nimemwibia. Kumbe nilipewa. Mtu kanipa zawadi mbele ya watu, na mie nimekimbia nayo kama mwizi."

Bi Rukia akamvutia kofia yake vizuri kichwani.

"Anatuma salamu," aliendelea Mzee, "na mie naziitikia huku najificha. Alikuwa anangoja nimwambie ahsante."

Akamgeukia binti yake. "Ile nambari ya Maskati unayo bado?"

Bi Rukia alikuwa nayo, ya binti wa Kassim. Aliitafuta mwenyewe kwa jamaa zamani, na baba yake akamkataza kuipiga. Safari hii akapiga, akaweka sauti ya nje. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilikuja polepole, kimechanganyika na Kiarabu. Mzee alimsalimu, akamwambia kwamba yeye ni rafiki wa baba yake, kwamba walipiga muziki pamoja Unguja, yeye saksafoni, Kassim tarumbeta.

"Baba yangu?" alisema yule mwanamke. "Samahani, ammi. Labda Kassim mwengine. Baba alikuwa na duka la vitambaa. Tarumbeta hatujaliona nyumbani. Kupiga? Hata mluzi alikuwa hapigi."

Uso wa Mzee ukazeeka tena mbele yetu, na alikwisha kuwa mzee. Mimi nikaingilia, nikamuuliza yule bibi kama angependa kuisikia sauti ya baba yake akiwa kijana, ni maneno machache tu. Akasema ndiyo, tafadhali, sana.

Tuliagana na Bi Mwanakheri baada ya kula muhogo wa nazi ambao hakuna aliyeufaidi ila mimi, nami nilikula kwa huzuni. Alimbusu Mzee mkono, akamwambia kwamba sadaka yake leo imemrudishia yeye baba yake. Mzee aliitikia vizuri. Nadhani alifurahi kwa ajili yake kweli. Lakini njiani kurudi mjini hakunionyesha nyumba ya mtu yeyote.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia ghorofani kumuaga. Nilimkabidhi Bi Rukia maneno yale ya Kassim kwenye simu yake, yameishia kwenye noti ile moja, na nikamuuliza Mzee kama angetaka nimpelekee pia ile santuri yangu ya Tanga, nimwachie kabisa. Sijui ulimi ule niliutoa wapi, maana santuri ile sijapata kumwazima hata ndugu yangu.

"Kaa nayo," alisema. "Ile tulikuwa tumependana, haina swali."

Boti ya kurudi ilikuwa na bahari mbaya, na wengi walitapika. Mimi nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Niliondoka Tanga nikiwa na hakika kwamba albamu ni kitu cha kuokolewa na mafundi, na kwamba mtu akisikiliza kwa makini santuri atajua yaliyokuwamo mioyoni mwa waliopiga. Niliandika hivyo gazetini, na Mzee aliponiambia kwamba tarumbeta halijui kusema uongo nilitikisa kichwa kukubali. Leo sikubali. Hata tepu ile ingekuwa nzima, angesikia tarumbeta la mtu aliyefumba macho, na angeweza kulisikia vyovyote alivyotaka, kwa hasira au kwa mapenzi. Swali lake lilikuwa la kuulizwa kwa mdomo, Kassim akiwa hai, mtaa ule ule. Muziki walioupiga pamoja ulikuwa mkubwa, nitaendelea kuusifu mpaka nizikwe, lakini haukuweza kuwafanyia kazi hiyo. Wasomaji wangu waliongoja kusoma habari za albamu mpya, poleni. Hakuna albamu. Kuna noti moja.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani, rekoda imerudi chumbani, Bi Rukia aliponiletea ujumbe wa sauti uliotoka Maskati. Binti wa Kassim alikuwa ameyasikiliza yale maneno pamoja na ndugu zake. Alisema ni baba yao hasa, kicheko kile ni chake, wamelia wote. Ila kuna kitu hawakukielewa. Aliuliza, huyo Sele ni nani, ambaye baba anataka angojewe?

Nikampigia Bi Rukia kumuuliza kama walishamjibu. Akaniambia alimwambia baba yake swali lile neno kwa neno, naye akalifikiri mpaka ikaadhiniwa alasiri.

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Mwambie ni mtu aliyechelewa.'"